Insha Waliyoondoka Nayo Wageni

Mimi ndiye niliyeitafsiri ile insha. Nalitaja hili mapema asije mtu akadhani hasira yangu ni kwa wageni peke yao. Nimewagawia wote: wageni, mchungaji, mwalimu mkuu, na fungu kubwa zaidi nimejiwekea mwenyewe. Miaka saba imepita na halijapungua.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ndogo ya kanisa upande wa Makadara, hatua chache kutoka vichochoro vya Mji wa Kale. Baba yangu alitoka bara akafanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Mimi nilizaliwa hapa hapa Mombasa, na nilibatizwa katika kanisa lile lile lililomiliki shule. Wanafunzi wetu walikuwa mchanganyiko. Wengine walikuwa watoto wa watu wa bara kama sisi, wengine watoto wa Kiislamu kutoka Kibokoni na mitaa ya jirani, ambao wazazi wao walituletea kwa sababu shule ilikuwa karibu na walimu hawakuwa na mchezo. Wasichana wao walivaa mtandio mweupe juu ya sare. Saa ya somo la dini walihamia chumba cha pili kwa ustadhi wao. Tuliishi hivyo miaka mingi na hakuna aliyemkera mwenzake.

Kila mwezi wa saba walikuja wageni. Walitoka katika kanisa moja la ng'ambo lenye undugu na letu, watu kumi na wawili au kumi na watatu, wote wamevaa fulana za manjano zenye maandishi kifuani. Walikaa kama wiki moja wakizunguka shule za kanisa, na siku yao ya kuja kwetu ratiba yote ilisimama. Waliimba nyimbo za kupunga mikono. Walichezesha vikaragosi vya nguo. Waliwafundisha watoto wa darasa la sita kupiga mswaki, watoto ambao asubuhi ile ile walikuwa wakitafuta eneo la duara. Mwaka mmoja kijana wao aliingia darasani kwangu, akauliza polepole kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na viziwi, kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kuiona bahari. Sisi tuko kisiwani. Watoto walitazamana, kisha mmoja akamjibu kwa adabu, kwa Kiingereza kizuri kuliko cha mchungaji wetu, kwamba ndiyo, wamewahi.

Hayo niliyavumilia. Nilikaa nyuma ya darasa nikisahihisha madaftari, nikajiambia ni siku moja tu kwa mwaka.

Wakati ule bado tulisema darasa la sita, si gredi. Wiki mbili kabla ya wageni kufika nilikuwa nimelipatia darasa hilo mada ya insha: siku nisiyoweza kuisahau. Ni mada ya kawaida, na kwa kawaida huleta insha za kawaida. Harusi, ajali, safari ya kwenda kwa nyanya. Nilikuwa nimesoma harusi sita nilipofika kwenye daftari la msichana mmoja wa Kibokoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto mtulivu, mwenye mwandiko ulioinama kushoto. Kwa mwaka mzima sikumbuki kama aliwahi kuinua mkono.

Aliandika kwamba babake alikuwa fundi wa friji, na kwamba watu walimfuata hata kutoka Nyali. Kisha akaanza kutumia unga wa kulevya, akauza vifaa vyake vya kazi kimoja kimoja, halafu akaacha kurudi nyumbani. Wao nyumbani wanasema amesafiri, yuko Malindi kikazi. Siku moja, akitoka shule na rafiki zake wawili, walimkuta mtu amelala juu ya boksi lililokunjuliwa, kando ya duka lililofungwa. Rafiki zake wakacheka, wakasema tazama yule teja. Alikuwa babake. Insha iliendelea hivi, na maneno haya ninayo kichwani hadi leo: "Na mimi nikacheka nao. Kisha nikampita. Kiatu chake kimoja hakikuwepo. Mama aliponiuliza mbona sili, nilisema nimeshiba."

Nilimpa thelathini na sita kwa arubaini. Alama nne nilizikata kwa makosa ya tahajia, na sijui leo nilikuwa na moyo gani wa kutafuta tahajia mle ndani.

Chini kabisa ya ukurasa, kwa penseli, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika: "Mwalimu, tafadhali usisome hii darasani."

Sikuisoma darasani. Niliipeleka ofisi ya walimu. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na fahari, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hana wa kumwonyesha. Nilimsomea mwalimu mwenzangu, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Aliomba kuiona. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniambia kwamba mchungaji alikuwa amemwagiza amtafutie ushuhuda, kwa kuwa mwaka huu wageni walitaka kusikia sauti ya mtoto mwenyewe, si nyimbo tu.

Nilimwonyesha yale maneno ya penseli. Akasema halitatajwa jina, na itasomwa kwa Kiingereza, ukumbini, si darasani. Aliongeza kwamba paa la madarasa ya chini linavuja, jambo ambalo nalijua, na kwamba wageni wakiguswa hujenga. Hakuwa mtu mbaya. Kila msimu wa mvua alipanga ndoo kwa mikono yake mwenyewe kati ya madawati ya darasa la kwanza. Lakini alijua alichokuwa akifanya, na mimi nilijua, na sote wawili tukajificha nyuma ya neno lile, kwamba ukumbi si darasa.

Nikaitafsiri. Nilikaa alasiri nzima na kamusi, nikihangaika na neno teja, nikitafuta namna ya kusema "nikampita" kwa Kiingereza ili uzito wake usipotee. Nilifurahia kazi ile. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti peke yangu, nikasema moyoni kwamba nimefanya kazi nzuri.

Siku yenyewe ilipofika, kiongozi wa wageni alikuwa mama wa makamo mwenye nywele za mvi na uso wa upole. Aliposhika karatasi aliuliza kama mtoto mwenyewe anaweza kusimama karibu naye. Nilimtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamtazama mchungaji, na mchungaji akaitikia kwa kichwa. Nikatumwa mimi kumleta. Nilipita katikati ya safu za watoto waliokaa sakafuni, nikamgusa bega, nikamwambia twende mbele.

"Nimefanya nini, mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia hajafanya kosa lolote. Alidhani anapewa zawadi. Aliinuka akanyoosha sketi yake.

Yule mama alisoma vizuri, kwa kituo. Kufikia sentensi ya pili, ile ya friji, nilimwona msichana akiacha kupepesa macho. Watoto wetu walianza kusoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Hakuna aliyekuwa mle ukumbini ambaye hakuelewa, isipokuwa labda mpishi. Rafiki zake wawili walikuwa safu ya nne. Waliposikia habari za boksi na duka lililofungwa, niliona mmoja akimgeukia mwenzake taratibu, kisha wote wawili wakatazama sakafu.

Wageni walikuwa wanalia. Simu zilikuwa juu. Yule mama alipomaliza hakuishia pale mtoto alipoishia, aliongeza yake. Alisema mtoto huyu sasa hana baba, lakini yuko Baba mmoja ambaye hawezi kumpoteza, na akawaita wenzake waje wamwombee. Wakaja wote na fulana zao za manjano wakamzunguka, wakaweka mikono mabegani na kichwani mwake. Mikono ilikuwa mingi, mtandio ukaanza kuteleza. Aliushika kwa mkono mmoja chini ya kidevu, akasimama hivyo hivyo mpaka sala ikaisha. Mchungaji alikuwa amefumba macho. Mimi sikufumba, na sikusogea.

Kesho yake hakuja shule. Saa nane mchana, watoto wakiwa michezoni, alikuja mamake. Nilikuwa sijawahi kuonana naye ila siku ya kuchukua ripoti. Alikuwa amevaa buibui, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alinisalimu salamu kamili, akaniuliza hali yangu, akauliza hali ya wazazi wangu, na mimi nikajibu moja baada ya moja huku nikiombea ziendelee zisiishe. Zilipoisha akaja kwenye lake.

"Mwalimu, miaka mitatu n'memsitiri mume wangu," akasema. "Jirani yangu wa ukuta mmoja hajui. Yeo asubuhi mtoto wa miaka sita ameniuliza dirishani kama ni kweli mume wangu ni teja."

Nikaanza kusema samahani. Aliinua mkono, si kwa ukali, akanizuia.

"Sikuya kugombana. N'mekuya kuchukua karatasi ya mwanangu."

Karatasi haikuwepo. Yule mama wa wageni alikuwa ameomba ule ukurasa wenyewe, wenye mwandiko wa mtoto, na mwalimu mkuu alikuwa ameuchana kutoka kwenye daftari akampa. Nilimwambia mama wa msichana anipe muda hadi jioni. Akaniambia atangoja nyumbani.

Nilichukua tuktuk kwenda kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Njia nzima nilipanga maneno ya heshima. Niliwakuta mezani wanakula, wakanifurahia, wakanivutia kiti. Nilimwomba kiongozi wao tuzungumze pembeni, nikamweleza kwamba mzazi anataka karatasi yake na hataki habari ile iende popote. Akanisikiliza kwa upole ule ule. Kisha akaniambia ilikuwa imeshakwenda. Usiku uliopita alikuwa ameipeleka kwa waumini wao kwa simu, pamoja na picha ya mtoto, na watu wengi mno wameguswa, wengine wameandika kwamba wamelia kazini. Ukurasa wenyewe anataka kuutia kwenye fremu, uwekwe mlangoni mwa kanisa lao. Akasema mama yule anapaswa kujivunia mtoto wake. Akauliza kama angependa kuja naye atoe ushuhuda, kabla hawajaondoka.

Maneno yangu ya heshima yaliniishia pale. Nilimwuliza kama kwao ana jamaa anayekunywa pombe kupita kiasi. Alishtuka, akasema yuko, kaka yake. Nikamwambia anipe picha ya huyo kaka niibandike mlangoni mwa kanisa letu hapa Mombasa, na chini yake niandike jina lake na la mtaa wake, ili watu wa hapa waguswe. Akasema hayo si mambo yanayofanana. Nikamwuliza tofauti yake ni ipi.

"Kitu hiki ni cha wizi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeiba, wewe umepokea. Nirudishie."

Alikwenda chumbani akauleta. Alikuwa analia, na vijana wake wakaja wakamkumbatia, wakawa wananitazama mimi kama mtu aliyeingia kwao akavunja vyombo. Nikatoka na karatasi ya mtoto mkononi. Hata katika lile walipata wa kumfariji, na hakuwa yule mtoto.

Mlangoni kwao Kibokoni, mama wa msichana aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akanishukuru. Hakunikaribisha ndani. Mtu wa pwani akikuacha umesimama kizingitini saa ya chai, hana haja ya kukutukana. Nilimwambia kwamba picha ilikuwa imeshatumwa. Akafunga mlango bila kuubamiza.

Picha iliondolewa mtandaoni siku chache baadaye, nadhani kwa kuwa niliwaandikia kila siku. Lakini binamu yangu aliye ng'ambo alikuja kunitumia picha ile ile baada ya miezi minne, akiuliza kama hiyo si shule yangu. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba mtoto huyu ni yatima.

Mwalimu mkuu aliniita akasema nimeiaibisha shule mbele ya wageni. Mchungaji naye akaniita, akaniombea kwa muda mrefu niondolewe roho ya hasira. Nilimwitikia amina kwa adabu. Haikuondoka, na nilianza kushuku kwamba hasira ile haikutoka kwa shetani.

Wiki iliyofuata msichana alikuja na mamake kuchukua vitabu vyake. Alikuwa amepata shule nyingine. Mamake alipokuwa ofisini akitia sahihi, mtoto alibaki na mimi kwenye veranda. Nilitafuta la kumwambia sikulipata. Yeye alikuwa nalo.

"Niliandika pale chini, mwalimu," akasema. "Kwa penseli."

"Niliona," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo alilokuwa amelishuku, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye nilikuwa Makadara, nimesimama kwa mama anayeuza viazi karai, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu bila kusogea. Nilipogeuka nilimwona mwanamume amekonda, kanzu yake imechafuka pindoni, lakini ameitia vifungo mpaka shingoni. Akaniambia samahani, akauliza kama mimi ndiye mwalimu aliyekuwa akimfundisha binti yake, akataja jina la mtoto. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Ati aliandika vizuri?" akauliza.

Nikamwambia aliandika vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Muuza viazi alitaka kumfukuza, nikamwashiria amwache.

"Wamenambia ameandika kuwa alinipita," akasema. "Ni kweli. Lakini mimi sikuwa nimelala. N'lisikia sauti yake tangu mbali. N'kafumba mato, ili apite na wenziwe wasijue."

Akaomba nikimwona mtoto nisimwambie, maana atamwambia mwenyewe akipata nguvu. Nikamwahidi. Nilimnunulia viazi, akavipokea, akaondoka kuelekea upande wa stesheni ya zamani, akitembea karibu sana na ukuta.

Mpaka siku ile hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyeaibika. Kutoka pale ikawa nyingine. Mtoto alicheka ili asijulikane ni wa nani. Baba akafumba macho ili mtoto asijulikane ni wake. Kila mmoja alikuwa amemsitiri mwenzake pale barabarani bila kuambiana. Sisi, watu wazima wenye shule na kanisa na kamusi, tuliwafunua wote wawili tukawaweka jukwaani, kisha tukasema tumeguswa. Neno hilo, kuguswa, siwezi kulisikia tena mahubirini bila kuinamisha kichwa nisionekane uso.

Nilimaliza muhula nikaacha kazi. Ninafundisha shule nyingine sasa, kisiwani humu humu. Insha za wanafunzi wangu hazitoki mkononi mwangu. Ofisini wenzangu wanasema nina roho ya kwa nini, na mimi nawaacha waseme. Paa la ile shule lilijengwa. Silikatai hilo. Nimepita pale wakati wa mvua nikaona mabati mapya ya kijani, na watoto wa darasa la kwanza chini yake wakiwa wakavu. Ukutani pana kibao cha shukrani. Nilisimama mbele yake muda mrefu, kwa kuwa najua kilichouzwa, na najua pia kwamba wale watoto wadogo hawakuuza kitu.

Wageni bado huja. Sina nguvu za kuwazuia, na sidhani ni watu waovu. Ndiyo maana wananiudhi zaidi. Mtu mwovu angekuwa rahisi kumfukuza.

Msichana sasa ana miaka kumi na tisa, anasomea kazi ya maabara. Babake huenda hospitalini kila asubuhi kunywa dawa yake ya kuacha unga, na zipo wiki ambazo hutengeneza friji za watu, na zipo wiki ambazo hatengenezi. Alishamwambia bintiye mwenyewe. Nilipotaka kuandika haya nilimtafuta msichana kwanza, nikampelekea kurasa zote, nikamwambia zikimuudhi nitazichoma. Alikaa nazo siku tisa. Alizirudisha akiwa amefuta mistari miwili kwa kalamu ya wino, na mistari hiyo haimo humu. Nilimshauri tubadilishe mtaa, tuseme ni mahali pengine, ili wasijulikane.

Hakukubali. "Kibokoni acha," akasema. "Sisi hatujahama."